UZI: Bunduki za kuwindia za kaliba kubwa zinazojipakia zenyewe, kwa nini ni adimu hivi?

Fundi wa Katuba

Jambo yenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Kuna ndugu yetu alisema humu kwamba ziko bunduki za kuwindia za kaliba .458 (yaani unene wa kichwa cha risasi, kwa inchi) zinazojipakia zenyewe. Akaitwa muongo, akazomewa mpaka akanyamaza. Namtetea: ziko. Ni chache mno, nyingi zimeundwa moja moja kwa agizo la mteja, na uchache wake una sababu nzuri ambazo mpenda vyuma yeyote atafurahi kuzijua. Mimi kazi yangu ni vyuma hapa Lubumbashi, silaha za wenye vibali hupita mezani kwangu, na hili jambo nalipenda kwa dhati.

Tuelewane kwanza. Nusu-otomatiki ni hivi: unavuta kifyatulio, inatoka risasi moja, kisha bunduki yenyewe inatupa ganda tupu nje na kuingiza risasi nyingine. Kila risasi inataka kidole kivute upya. Najua kwetu huku, baada ya vita vyote tulivyopitia, ukitaja bunduki inayojipakia mtu anaona kalashi. Ninazozisema mimi zina kitako cha mti wa mjozi, magazini ya risasi mbili, tatu au nne, na nyingine zimechorwa nakshi kwa mkono.

Sasa sababu ya kwanza, ambayo watu wengi hawaigusi: urefu wa risasi.

Chukua .30-06 ya Wamarekani, ile ya mwaka 1906. Ipime toka kitako cha ganda hadi ncha ya risasi, utapata kama milimita 85. Viwanda vilivyojenga bunduki kubwa za kuwindia zinazojipakia vilishika kipimo hicho, na mashine nzima, yaani magazini, mwendo wa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) na dirisha la kutolea ganda, ikafuata. Leta 9.3x62 (unene milimita 9.3, ganda tupu urefu wa 62) iliyobuniwa na Otto Bock, fundi wa Berlin, mwaka 1905: haifiki 84. Inaingia. Leta .338 Winchester Magnum ya 1958: 85, inaingia. Leta .375 Holland & Holland ya 1912, risasi iliyozunguka Afrika yote: 91. Imegoma. .416 Rigby ya 1911: 95. Hiyo usijaribu hata kuifikiria.

Ndiyo maana ukifungua orodha za viwanda, kaliba zinapanda vizuri, zinapanda, halafu zinakatika kwenye .338 na 9.3. Wengine wanadhani ni woga wa teke begani. Shida kubwa ni zile milimita 6. Ili uzipate unarefusha mashine yote, chuma kinaongezeka, bolti inakwenda mwendo mrefu zaidi, na wateja watakaonunua ni wa kuhesabu. Hakuna kiwanda kitakachofungua mitambo kwa ajili hiyo.

Na hapo ndipo .458 Winchester Magnum inapopenya. Winchester walipoitoa mwaka 1956 waliikata kwa makusudi iingie kwenye bunduki za urefu wa kawaida. 85 tena! Kwa hiyo fundi hodari anaweza kuchukua M1 Garand, bunduki ya jeshi la Marekani iliyopokelewa mwaka 1936, akaifungia mtutu mwingine, na urefu ukakubali. Mafundi wa Marekani wameigeuza hiyo Garand kuwa .35 Whelen, .338 na hata .458. Aliyesema humu hakudanganya.

Lakini urefu kukubali si mwisho wa kazi. Ganda la .458 ni nene, karibu milimita 13.5 kitakoni, na la .30-06 ni kama 12. Kwa hiyo kile kibanio cha risasi 8 cha Garand hakifai tena, uso wa bolti inabidi uchongwe upya, na midomo ya magazini ishike risasi nzito bila kuiachia mapema wala kuibana. Halafu gesi. Bunduki hizi huiba gesi kidogo kwenye mtutu kupitia tundu dogo, gesi inasukuma pistoni, pistoni inafungua bolti. Tundu likiwa kubwa kuliko inavyotakiwa bolti inarudi kwa ukali na kujivunja yenyewe. Likiwa dogo, ganda tupu linakwama dirishani. Kiwanda hupata kipimo chake kwa kufyatua maelfu ya risasi kwenye maabara. Fundi wa bunduki moja anakitafuta peke yake, kwa risasi za bei mbaya. Nikiona bunduki ya namna hiyo inayofanya kazi bila kukwama, namvulia kofia aliyeiunda.

Mwana Kipushi

Muzee Fundi, aksanti mingi. Mi nauliza: hawa wa zamani, kabla ya hizo za gesi, walifanyaje? Baba alikuwa akisimulia juu ya karabini za Wabelgiji zilizojipakia, sisi tulidhani ni hadithi.

Fundi wa Katuba

Si hadithi, ndugu, na wewe umegusa penyewe.

Kulikuwa na njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya Winchester: Model 1905, 1907 na 1910, kazi ya Thomas Crossley Johnson. Bolti yake haifungwi na kitu. Ni kama mlango mzito usio na kitasa, unashikiliwa na uzito wake tu na springi nyuma. Ile 1910 ilitumia risasi ya .401, kichwa cha zaidi ya milimita 10, na kwa enzi zake hakuna iliyojipakia ya kuwindia iliyokuwa na nguvu zaidi. Kuizuia isifunguke mapema ilibidi waifungie bolti kipande kizito cha chuma kinachocheza ndani ya mbao ya mbele, hapo mkono wa kushoto unaposhika. Ukiipokea mara ya kwanza unashangaa, bunduki fupi vile inawezaje kuwa nzito hivi! Zilitengenezwa zaidi kidogo ya 20,000 na kufikia 1936 zilikuwa zimekoma. Risasi zake hazitengenezwi tena na viwanda vikubwa.

Njia ya pili ni ya John Moses Browning, na hii ndiyo inayotuhusu sisi wa Katanga. Mtutu wenyewe unarudi nyuma. Unapofyatua, mtutu na bolti vinarudi pamoja vikiwa vimefungana, safari nzima ya urefu wa risasi. Vikifika nyuma bolti inashikwa, mtutu unatangulia kwenda mbele peke yake, ganda tupu linaruka nje, ndipo bolti inafuata ikisukuma risasi mpya. Ukiikokota polepole mkononi unasikia hatua zote hizo, moja baada ya nyingine. Remington waliitoa Marekani mwaka 1906, baadaye ikaitwa Model 8. Ubelgiji, Fabrique Nationale ya Herstal wakaitengeneza kwa jina la FN 1900, kwa risasi moja tu, .35 Remington, na mtutu wake umewekewa bapa ya kulengea juu. Hazikufika 5,000 zote. Hii ndiyo adimu kweli kweli, na imetoka Herstal, kulikotoka silaha nyingi za Wabelgiji waliotutawala tangu 1908 hadi 1960. Baba yako si muongo.

Browning mwenyewe alifia Herstal, ndani ya kiwanda hicho, tarehe 26 Novemba 1926. Nikishika kazi yake naifikiria hiyo.

Kijana wa Kamalondo

Wazee, mbona mnazunguka? Kuna .50 Beowulf, kuna .458 SOCOM, zote zinajipakia na zinauzwa dukani Marekani. Na Barrett je, ile bunduki kubwa ya kijeshi? Hiyo ni .50 kamili. Kaliba kubwa imeshapatikana.

Fundi wa Katuba

Kijana, unene wa risasi usikudanganye. Tazama nguvu.

.458 Winchester Magnum inatupa kichwa cha gramu 32 kwa mita kama 650 kwa sekunde. Ni karibu jouli 6,800. .458 SOCOM ina kipenyo kilekile, lakini ganda lake ni fupi ili iingie kwenye magazini ya bunduki za aina ya AR, zile za mtindo wa M16 ya Wamarekani. Inatupa gramu 19 kwa mita kama 580, ambayo ni jouli 3,200 hivi. Haifiki hata nusu ya ile. 9.3x62 unayoiona nyembamba inafika jouli 4,800, na .375 ni kama 5,700. Hizo za AR ni nzuri kwa nguruwe pori kwa karibu, na waliozibuni wamefanya kazi ya akili, lakini nyati aliyejeruhiwa ndani ya miombo ni habari nyingine kabisa.

Barrett ya .50 ni karibu kilo 14. Hebu tembea nayo toka asubuhi hadi jua la saa saba ukifuata nyayo, halafu uinyanyue haraka begani. Mwindaji anataka kilo 4 au 5.

Kwa atakaye bunduki ya kiwanda yenye nguvu, ya mfano ni BAR ya Browning. Ilitoka mwaka 1967, ilibuniwa na Bruce Browning, mjukuu wa yule mzee, ikajengwa Herstal. Isichanganywe na ile BAR ya kivita ya mwaka 1918, jina tu limefanana. Hii inatumia gesi, na kichwa cha bolti yake kina meno saba yanayozunguka na kujifunga, kwa hiyo inavumilia risasi za magnamu, yaani zenye baruti nyingi: 7mm Remington, .300 na .338 Winchester. Uzuri wake ni kwamba teke linapungua. Sehemu ya nguvu inatumika kusukuma mashine, na msukumo wa begani unasambaa kwa muda mrefu zaidi kidogo. Mtu aliyezoea .338 ya bolti ya kuvuta kwa mkono akipiga ya BAR anatabasamu.

Na nakshi zake! Pale Herstal kulikuwa na karakana ya wachoraji wa chuma iliyokabidhiwa Félix Funken mwaka 1926, na urithi wake uliendelea baada yake. BAR za daraja la juu zilichorwa hapo kwa patasi na nyundo ndogo, wanyama na majani, kila moja kwa mkono. Mimi hizo ndizo ningependa kuziona kabla sijafa, kuliko hata hiyo Garand ya .458.

Mwana Kipushi

Sasa kama teke linapungua na risasi ya pili inakuja haraka, kwa nini wawindaji wa nyati na tembo hawazitaki? Wanatembea na mitutu miwili ya babu zao.

Fundi wa Katuba

Swali lenyewe hili.

Bunduki ya mitutu miwili, ile nzuri ya Kiingereza au ya Liège kule Ubelgiji, ni bunduki mbili zilizoungwa kitako kimoja. Vifyatulio viwili, mitambo miwili, misumari miwili ya kugonga risasi. Upande mmoja ukifa wa pili hauna habari. Na risasi ya pili haisubiri chochote kijongee. Hakuna mashine ya kujipakia itakayoishinda kwa risasi mbili za mwanzo, na mbele ya nyati anayekuja, ya tatu mara nyingi hutapata nafasi ya kuipiga.

Ile ya bolti ya mfumo wa Mauser wa 1898 nayo ina ukucha mrefu unaoshika kitako cha ganda mara tu risasi inapotoka kwenye magazini, hauiachii hadi imetupwa nje. Hata ukiipindua juu chini, itapakia. Ikikwama, mkono wako una nguvu ya kuivuta. Ya kujipakia ikikwama na ganda nene limeganda ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kwenye mtutu, una kile kipini kidogo cha pembeni tu, na mnyama hakusubiri.

Halafu kuna joto. Baruti ikipata joto, shinikizo ndani ya chemba linapanda. Waingereza waliiona shida hiyo India na Afrika mapema, wakatengeneza maganda makubwa yenye shinikizo la chini, kama .470 na .416 Rigby, ili ganda lisigande. Hayo maganda makubwa ndiyo yaleyale yasiyoingia kwenye mashine ya kujipakia. Mnaona jinsi mambo yalivyofungana? Kinachomsaidia mwindaji wa tembo ndicho kinachomkwamisha mjenzi wa nusu-otomatiki. Vumbi letu jekundu la kiangazi likiingia kwenye pistoni, hilo sitaki hata kuliongelea.

Zinakotumika kweli ni Ulaya, kwenye misako ya nguruwe pori. Watu na mbwa wanawafukuza, wawindaji wamesimama kwenye mstari, nguruwe anapita mbio. Hapo 9.3x62 ya kujipakia ni mfalme. Benelli Argo, Merkel SR1, Sauer 303, SLB 2000 ya Heckler & Koch, zote zilitoka kwa 9.3x62. Wamarekani walikuwa na Remington 7400 ya .35 Whelen, nayo leo inatafutwa.

Dada wa Upemba

Nimewasoma wote kwa heshima. Mimi natoka upande wa Mitwaba, karibu na mbuga. Tembo wa Upemba wamebaki wachache sana, na waliowamaliza walibeba bunduki za vita, si hizo za nakshi. Lakini kijana akisoma hapa atadhani kuwinda na silaha inayojipakia ni jambo la kawaida. Baba Fundi, sheria inasemaje? Naomba uiandike wazi.

Fundi wa Katuba

Dada, umefanya vizuri kuuliza, na naandika wazi.

Kwetu silaha yoyote inakwenda kwa sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985, namba 85-035. Bila kibali, hata gobore la babu ni kosa. Kuwinda kuna sheria yake, namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, inayotaka kibali cha uwindaji mbali na kile cha silaha. Na kuna sheria ya hifadhi ya mazingira ya tarehe 11 Februari 2014, namba 14/003. Ndani ya Upemba na Kundelungu hakuna kuwinda. Upemba ni mbuga ya taifa tangu 1939 na Kundelungu tangu 1970.

Kuhusu hizi za kujipakia hasa: mkataba wa Bern wa Ulaya wa 1979 uliweka kati ya njia zilizokatazwa silaha za nusu-otomatiki ambazo magazini yake inabeba zaidi ya risasi mbili. Mkataba wa Afrika wa hifadhi ya maumbile uliofanyiwa marekebisho Maputo mwaka 2003 una katazo hilohilo. Ndiyo maana hizo Benelli na Merkel za Ulaya mara nyingi utazikuta na magazini ya risasi mbili. Mwindaji wa kweli halalamiki, kwa sababu anayehitaji risasi nane kwa mnyama mmoja hakupaswa kufyatua ya kwanza.

Na uchungu wako naujua. Naipenda kazi ya Browning, lakini tembo wa Upemba nawapenda zaidi, na mtu akiniletea kitu kisicho na karatasi hakivuki mlango wangu.

Dada wa Upemba

Aksanti, Baba. Nimeridhika.

Mtoto wa Gécamines

Bonjour wote. Marehemu baba alifanya kazi kampuni ya migodi ya Union Minière mpaka ikawa Gécamines, akatuachia Browning ya marisau ya kaliba 12, ile yenye mgongo ulionyooka kisha ukakatika ghafla nyuma. Kibali kipo, tulishakihamisha. Tatizo: mbao ya mbele imepasuka, na kila ikipigwa inarudi kwa kishindo kibaya. Tuliipeleka kwa fundi mmoja, akagundisha mbao, ikapasuka tena palepale. Najua si bunduki ya tembo, lakini umesema habari ya mtutu unaorudi nyuma. Ni hiyo hiyo?

Fundi wa Katuba

Ni hiyo hiyo, mdogo wangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Hiyo ni Auto-5, ndugu wa tumbo moja na FN 1900, mtutu unarudi kwa namna ileile.

Gundi haitasaidia maana ugonjwa haupo kwenye mbao. Hakikisha kwanza haina risasi, ndani ya chemba na ndani ya magazini, halafu fungua kofia ya mbele na utoe mbao na mtutu. Utaona bomba la magazini, springi kubwa imelizunguka, kipande cha shaba nyeusi chenye mkato, na pete moja ya chuma iliyochongwa mshazari upande wa ndani. Hiyo pete ndiyo breki. Kwa risasi nzito inakaa mbele, kati ya springi na kile kipande cha shaba nyeusi, mshazari ukitazama shaba. Hapo inakibana kwenye bomba na mtutu unarudi taratibu. Kwa risasi nyepesi inahamishiwa nyuma ya springi, mwishoni kabisa, isifanye kazi. Nina hakika yako iko nyuma na nyinyi mnapiga nzito. Mtutu unagonga chuma kwa nguvu zote, na mbao inalipa deni. Bomba nalo lipanguse, liwe na mafuta kidogo sana tu, maana likilowa mafuta breki haishiki.

Kagua springi pia. Kama imechoka na kufupika, badilisha kabla ya kununua mbao mpya.

Mtoto wa Gécamines

Pete ilikuwa nyuma! Na bomba lilikuwa linateleza mafuta. Nimeirudisha mbele. Kwenye mtutu kuna alama nyingi: duara refu lenye ELG na taji, simba mwenye PV, herufi ndogo p, na herufi nyingine yenye taji. Zina maana?

Fundi wa Katuba

ELG kwenye duara refu ni alama ya nyumba ya majaribio ya Liège, silaha ilifyatuliwa kwa majaribio na ikapita. Simba wa PV ni jaribio la baruti isiyo na moshi, kwa hiyo inastahimili risasi za baruti hiyo. Herufi yenye taji ni ya mkaguzi, iache. Ile p ndogo ni mwaka: Liège walianza na a mwaka 1922, kwa hiyo p ni 1937.

Kwa mwaka huo kuna kitu kimoja zaidi cha kutazama kabla hujapiga tena. Tafuta kwenye mtutu palipoandikwa 12-65 au 12-70. Huo ni urefu wa chemba kwa milimita. Auto-5 nyingi za zamani za Ulaya ni 65, na risasi zinazouzwa sasa ni 70. Za 70 zinaingia bila kukataa, ila zikifunguka hazina nafasi na shinikizo linapanda. Ukikuta 65 usipige za 70 hata moja. Andika hapa ulichokiona, au iweke kwenye mfuko wake na kibali chake, niletee nipime chemba mwenyewe.

Mtoto wa Gécamines

12-65. Na boksi tuliyonunua imeandikwa 70. Jumamosi nakuja, na boksi nakuja nalo.